Betri Rahisi na Moto Uliofichwa Ndani Yake



Mwezi huu nataka kunena nanyi habari ya kitu kidogo ambacho karibu kila nyumba inacho, wala hakuna anayekiogopa. Kitu hicho ni betri ya kuchaji. Imo katika simu, katika tochi, katika redio, katika taa ya jua, katika pawabenki, na siku hizi hata katika pikipiki. Nitaanza kwa jambo lililotupata sisi wenyewe, kisha nitaeleza sababu yake, na mwisho nitasema yatupasayo kutenda.

YALIYOTUPATA NYUMBANI

Nyumba yetu iko katika mitelemko ya mlima Meru, mahali pa migomba na kahawa, na wakati wa masika umeme hukatika mara kwa mara. Kwa ajili hiyo nilimnunulia mwanangu tochi ya kuchaji, apate kusoma jioni. Niliinunua mjini Arusha kwa mchuuzi aliyetandaza bidhaa zake kando ya njia, na bei yake ilikuwa nusu ya bei ya dukani. Nikarudi nyumbani nikijisifu kwamba najua kununua.

Hata usiku mmoja kijana alipokwisha kusoma, akaichomeka tochi ukutani, akaiweka juu ya godoro karibu na kichwa chake, akalala. Umeme ukakatika, ukarudi, nasi tumelala. Yapata saa nane mama yake akaamka kwa harufu ngeni, tamu na kali, mfano wa rangi ya kucha. Akaniamsha. Tukaikuta tochi imevimba kama andazi, na moshi mweupe unatoka ubavuni mwake. Nikauchomoa waya ukutani, mama akamvuta mtoto kwa mkono, nami nikalikokota godoro mpaka uani. Sijaliacha vizuri, mara tochi ikalia kama kuni mbichi motoni, ikapasuka kwa miali ya moto. Godoro lile la sponji likateketea mbele ya macho yetu kwa muda mfupi kuliko ule wa kuchemsha chai.

Mtoto hakuungua hata unywele. Lakini tangu siku ile, kila nipatazamapo pale alipokuwa amelaza kichwa, miguu hunilegea.

Kulipokucha nikashuka mjini na mabaki yale ndani ya kopo, nikamtafuta yule mchuuzi.

“Shikamoo, Mwalimu,” akasema.

“Marahaba, mwanangu. Tazama kile ulichoniuzia.”

Akakitazama, akasikitika kwa kweli. “Pole sana, Mwalimu. Lakini mimi nami nanunua kwa jumla. Mle ndani sijui mna nini.”

Wala sikumwona kuwa mwongo. Aliyemwuzia huenda naye hajui. Mimi nilinunua pasipo kujua, nikampa mtoto asiyejua. Kitu kile kimepita mikono mingi, na hata mmoja wetu hakujua ndani mna nini, mpaka kilipofika juu ya mto wa mtoto aliyelala. Hilo ndilo neno kuu nilitakalo mlishike: betri mbaya haionyeshi ubaya wake mchana mbele ya mnunuzi, bali usiku mbele ya aliyelala. Kwa hiyo mlinzi wake wa mwisho si serikali wala mwenye duka. Ni mwenye nyumba.

TUSIIDHARAU TAA NJEMA

Asije mtu akadhani nawaambia mrudi kwenye kibatari. Wazee wetu wajua jinsi kibatari kilivyotia moshi machoni na kifuani, na jinsi kilivyounguza vyandarua na nyumba za nyasi. Tena twakumbuka miaka ile tulipoibeba betri ya gari juu ya baiskeli kuipeleka mjini ichajiwe, ili watu wapate kusikiliza redio kwa juma moja. Siku hizi mambo yamekuwa mepesi. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 kampuni za taa za jua, kama Off Grid Electric na Mobisol, ziliufanya mji huu wa Arusha kuwa kituo cha kazi zao katika Tanzania, zikiwapa watu taa na kulipwa kidogo kidogo kwa simu. Watoto wengi wa vijijini walipata kusoma usiku kwa njia hiyo. Taa ya betri iliyo njema ni neema. Shida ni ile iliyoigizwa.

BETRI YA KUCHAJI NI KITU GANI

Betri ni ghala ya nguvu. Ndani yake mna sahani mbili zisizofanana, na kati yake mna dawa ipitishayo umeme. Ile ya kuchaji hujazwa, hutumika, kisha hujazwa tena.

Ya kwanza ya namna hii ilitengenezwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Hiyo ni betri ya risasi, yaani ile metali nzito ya kijivu, pamoja na asidi kali. Mpaka leo ndiyo iliyomo katika magari, na pia katika tochi nyingi kubwa za bei rahisi.

Ya pili ni ya lithiamu. Hii ilianza kuuzwa na kampuni ya Sony ya Japani mwaka 1991. Wataalamu watatu walioitafuta kwa miaka mingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Lithiamu hubeba nguvu nyingi katika uzito mdogo, na kwa hiyo simu zaweza kuwa nyembamba. Lakini palipo na nguvu nyingi mahali padogo, hapana budi pawe na uangalizi mwingi.

KWA NINI ILIYO MBAYA HUWAKA

Nilikwenda kwa fundi mmoja wa simu, mtu mpole na mwenye maarifa, nikamwomba anifunze. Akachukua seli moja ya tochi mfano wa ile yangu, yaani kile kipande cha duara kirefu kama kidole. Ilikuwa imeandikwa 9,800 mAh. Akasema:

“Mwalimu, maandishi haya ni uongo mtupu. Seli ya kipimo hiki, upana milimita 18 na urefu milimita 65, ikiwa ni ya kiwanda kizuri kabisa hubeba kama 3,500 tu. Tena seli njema ya namna hii hufika gramu 45 au zaidi. Hebu tuipime.”

Tukaipima katika mizani yake ndogo. Haikufika gramu 30.

Akanieleza kwamba wako waigizaji wanaotia seli ndogo ndani ya gamba kubwa na kujaza unga au mchanga. Wengine hukusanya seli kuukuu za kompyuta zilizokwisha kuchoka, wakazivika karatasi mpya yenye rangi nzuri, na mnunuzi akidhani ni mpya. Wahenga walisema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Nikamwuliza, “Lakini seli dhaifu ingekufa tu. Kwa nini iwake moto?”

Akajibu kwa maneno haya, nami nayaandika kama nilivyoyaelewa. Kati ya zile sahani mbili pana utando wa plastiki, mwembamba kuliko unywele wa mtu. Utando huo ndio ukuta pekee uzitengao. Katika betri iliyotengenezwa ovyo, utando waweza kuwa na tundu, au chembe ya chuma ikabaki ndani na kuuchoma. Sahani zikigusana, umeme wote hukimbilia mahali pamoja na kuleta joto. Joto likifika kadiri ya nyuzi 130, utando huyeyuka, nazo sahani zikagusana kila mahali. Hapo joto huzaa joto, dawa iliyomo hugeuka kuwa mvuke unaowaka, gamba likapasuka. Moto huo haungoji kupulizwa, kwa maana kuni zake zimo ndani yake.

Betri njema huwekewa walinzi wawili. Wa kwanza ni kibao kidogo cha umeme kikatacho chaji seli ifikapo volti 4.2, na kukata matumizi ishukapo mno. Wa pili ni kidude cha kuachia mvuke kabla ya mpasuko. Mwigizaji akitaka kupunguza gharama, walinzi hao ndio anaowaondoa kwanza, kwa kuwa hawaonekani. Tochi yangu haikuwa na hata mmoja. Ilijaa, na chaja ikaendelea kuijaza usiku kucha.

Betri ya risasi nayo ina hatari zake. Ichajiwapo hutoa haidrojeni, hewa isiyo na harufu wala rangi, lakini yenye kulipuka kwa cheche moja. Mtu achajiye betri ya gari katika chumba kilichofungwa, kisha akawasha kiberiti atazame kama imejaa, anajitafutia upofu, kwa maana mlipuko hurusha asidi usoni.

SI SISI PEKE YETU

Labda mmoja atasema, “Haya ni mambo ya sisi maskini wanunuzi wa rahisi.” Sivyo. Mwaka 2016 kampuni ya Samsung, mojawapo ya zilizo kubwa kabisa duniani, ilitoa simu iitwayo Galaxy Note 7. Simu zikaanza kuwaka mikononi na vitandani mwa watu. Kampuni ikaziita zirudi, zapata milioni 2.5, na mwezi wa Oktoba mwaka ule ikaacha kuitengeneza kabisa. Walipochunguza walikuta makosa madogo sana ndani ya betri: pembe za sahani zilizopindwa, na mabaki ya uchomeleaji yaliyochoma utando. Basi, ikiwa kiwanda chenye wataalamu na mashine za namna ile kiliweza kukosea, tutarajie nini kwa karakana isiyo na jina, isiyopima kitu chochote?

Tena tarehe 3 Septemba 2010, huko Dubai, ambako wafanyabiashara wetu wengi huenda kununua simu na vifaa, ndege ya mizigo ya kampuni ya UPS ilishika moto muda mfupi baada ya kuruka. Ilikuwa imebeba shehena kubwa ya betri za lithiamu. Marubani wote wawili walikufa. Ndiyo maana tangu Aprili 2016 betri za lithiamu zisizofungwa ndani ya chombo hazibebwi kama shehena katika ndege za abiria. Na kwa sababu iyo hiyo, msafiri akifika uwanja wa ndege wa Kilimanjaro na pawabenki huamriwa asiiweke katika mzigo wa chini, bali aishike mkononi, ili ikiwaka watu waione.

Fikirini neno hilo, wapendwa. Watu wa ndege, wenye elimu yote ya mambo haya, hawakubali betri iwe mahali wasipoiona. Nasi twaiacha ijae usiku kucha chini ya mto wa mtoto, na hakuna anayeitazama.

SERIKALI NA MIPAKA YA UWEZO WAKE

Hatusemi kwamba serikali imelala. Tangu Februari 2012 Shirika la Viwango Tanzania limekuwa na utaratibu wa kukagua bidhaa huko zitokako kabla hazijapakiwa. Na usiku wa tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano ilizima simu bandia nchini pote, watu wakaamka asubuhi na kukuta simu zao zi kimya.

Lakini angalieni tofauti. Simu ina namba yake, na kwa namba hiyo yaweza kutambulikana kwa mbali na kuzimwa. Betri haina namba ya namna hiyo. Hupita mipakani ndani ya mfuko wa nguo, huingia sokoni, huingia nyumbani, wala hakuna awezaye kuizima kutoka Dar es Salaam. Kwa hiyo nimerudi pale pale: mlinzi ni wewe.

JINSI YA KUITAMBUA DUKANI

Kwanza, soma namba kwa akili. Seli ya tochi ya kipimo nilichokitaja, ikiandikwa zaidi ya 4,000 mAh, iache. Aliyesema uongo katika maandishi, ndani hatasema kweli.

Pili, pima uzito. Hili walimu waweza kulifanya kuwa hesabu ya darasani. Pawabenki ya 20,000 mAh, gawanya kwa 1,000, zidisha kwa volti 3.7, utapata 74. Hizo ni wati-saa. Kwa elimu ya sasa, seli za lithiamu za kawaida zenye nguvu hiyo haziwezi kuwa na uzito wa chini ya robo kilo. Basi pawabenki iliyoandikwa 20,000, nayo ni nyepesi kuliko robo ya sukari, hakika ni ya uongo. Ila mkumbuke, uzito peke yake si ushahidi wa wema, kwa maana mchanga nao ni mzito. Wepesi ndio ushahidi wa ubaya.

Tatu, tazama jina la mtengenezaji na maonyo. Kitu kisicho na jina, au chenye jina linalofanana na jina kubwa lakini herufi moja imebadilishwa, usikinunue.

Nne, omba risiti na dhamana. Mwuzaji atakayekubali urudishe kitu baada ya miezi sita amekwisha kukuonyesha kama anakiamini au hakiamini.

Tano, ikiwa wanunua taa ya jua, uliza kama imepimwa kwa kanuni za VeraSol, utaratibu uliochukua mahali pa ule wa Lighting Global mwaka 2020. Na ukipewa kuchagua, betri ya lithiamu yenye chuma na fosfati huvumilia joto kuliko zile nyingine.

KANUNI ZA NYUMBANI

Hata ukinunua kwa hekima, tenda kana kwamba umekosea. Nyumbani kwetu tumeweka kanuni hizi, nazo hazigharimu senti.

Betri zote huchajiwa mchana au jioni, watu wakiwa macho. Saa ya kulala ikifika, kila kitu huchomolewa.

Huchajiwa juu ya sakafu ya simenti, au juu ya bamba la jiwe au sinia la chuma. Si juu ya godoro, kochi, kitambaa wala magunia ya kahawa.

Hazichajiwi mlangoni wala katika njia ya kutokea. Pikipiki ya umeme ikiwaka mlangoni, walio ndani watatokea wapi?

Kila betri huchajiwa kwa chaja yake. Tundu kukubali waya si ushahidi kwamba nguvu zake zapatana.

Umeme ukikatika, twachomoa; ukirudi, twangoja kidogo utulie ndipo twachomeka.

Betri iliyovimba, iliyochubuka, iliyoanguka kwa kishindo, iliyolowa, au yenye kupata moto isivyo desturi, haichajiwi tena hata mara moja. Wala haitobolewi ili “itoe hewa,” kama wafanyavyo vijana wengine. Kuitoboa ni kuuchana ule utando kwa mkono wako mwenyewe.

Taa ya jua huwekwa ili bamba lake lipate jua, lakini betri yake ikae kivulini. Kuiacha juu ya bati wakati wa kiangazi ni kuipika.

Na vijana wetu wafanyao kazi ya kuongoza na kupagaza wageni mlimani Meru wasikilize: kilele kimepita mita 4,500, na usiku huko juu maji huganda. Betri ya lithiamu ikichajiwa katika baridi ya barafu huota ndani yake vijisindano vya metali, navyo siku moja huutoboa utando. Itieni kwanza joto ndani ya mfuko wa kulalia, ndipo muichaji.

IKIWA IMEWAKA

Watoe watu kwanza, na watoto mbele ya wote. Moshi wake ni sumu; usiinamie kutazama.

Ukiweza bila kuungua, chomoa waya au zima umeme wa nyumba. Kisha, ikiwa ni kitu kidogo kama simu au tochi, mwagia maji mengi, uendelee kumwaga hata miali ikizimika, kwa sababu lazima ipoe mpaka ndani. Mchanga huzuia miali isienee, lakini hauondoi joto, na betri yaweza kuwaka tena baada ya dakika nyingi. Kwa hiyo isirudishwe ndani usiku ule. Betri ikiwa kubwa, kama ya pikipiki, usipambane nayo. Tokeni nje, mwite majirani na kikosi cha zimamoto.

Sisi tuliokota bahati, tena nilikosea kulishika godoro lile badala ya kutoka na kuleta maji. Ningaliweza kuungua mikono yote miwili.

Aliyeungua apozwe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika ishirini. Msimpake samli, asali, dawa ya meno wala mavi ya ng'ombe. Mfunikeni kwa kitambaa safi, mkampeleke hospitali. Asidi ikimrukia mtu jichoni, oshweni jicho kwa maji mengi mara hiyo, ndipo mwende kwa mganga.

BETRI ILIYOKUFA NAYO YASEMA

Watu wengi hudhani betri ikifa imekwisha madhara. Hutupwa katika shimo la migomba, au katika mfereji, au chooni, au huchomwa pamoja na taka. Lakini mifereji yetu yatoka juu mlimani na kupita nyumba kwa nyumba. Ukitupacho mfereji wako, jirani yako wa chini akinywa.

Ile ya lithiamu ikitupwa jalalani ikapondwa, huwasha jalala. Ile ya risasi ina hatari ya namna nyingine, iendayo polepole. Sikieni yaliyowapata jirani zetu wa Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru, tangu mwaka 2007, palikuwa na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Moshi ukashuka juu ya mabati, maji machafu yakapita kati ya nyumba. Phyllis Omido, mama aliyeajiriwa ofisini pale, alimwona mwanawe mchanga akiugua. Alipopimwa, damu yake ilikutwa ina risasi. Mama yule akaiacha kazi akawatetea jirani zake kwa miaka mingi, na kwa ajili hiyo alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2015. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwezi wa Julai 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3. Hukumu ikatenguliwa kwa rufani mwaka 2023, na Mahakama ya Juu ya Kenya ikairudisha Desemba 2024. Tazameni miaka ilivyopita! Watoto waliokuwa wachanga walikua vijana wakingoja.

Risasi huingia katika ubongo wa mtoto na kuupunguza, wala hakuna kiasi chake kilicho salama. Mwaka 2020 UNICEF na shirika la Pure Earth walitangaza kwamba mtoto mmoja katika kila watatu duniani, yaani kama milioni 800, ana risasi nyingi damuni, na kuyeyusha betri za magari ovyo ni mojawapo ya sababu kubwa. Walimu wenzangu, huenda yule mtoto tumwitaye mzito wa kuelewa, baba yake huyeyusha risasi uani katika sufuria ili apate vyuma vya kuuza.

Basi fanyeni hivi. Betri kuukuu ya gari au ya taa ya jua irudisheni nzima, haijapasuliwa, kwa mwenye duka la betri au kampuni iliyowauzia. Mkitaka kujua nani ana kibali cha kukusanya, ofisi ya Baraza la Mazingira, NEMC, ya Kanda ya Kaskazini iko hapa Arusha. Zile ndogo za simu na tochi, zibeni ncha zake kwa utepe wa plastiki zisigusane, zitieni katika kopo lenye mchanga mkavu, mkaliweke nje, mbali na watoto, mpaka mpate mahali pa kuzipeleka.

MWISHO

Niliponunua tochi ile kwa nusu ya bei, niliona nimeokoa fedha. Lakini nililipa nusu ya pili kwa godoro, na ilibaki kidogo nilipe kwa kitu ambacho hakina bei. Mwanangu sasa anasoma kwa taa nyingine, ghali kidogo, tulioingoja kwa miezi miwili ya kuweka akiba. Kila jioni saa tatu yeye mwenyewe hupita nyumba nzima, akichomoa kila waya, kisha huja kuniambia, “Baba, zote zimelala.” Ndipo nasi hulala.

Usiku wa leo, msomaji mpendwa, kabla hujazima taa, pita nyumbani mwako na utazame: ni nini kinachojaa chaji karibu na kichwa cha mtoto? Kichomoe. Kesho mchana kitajaa, nawe utakiona.